Mama Majibu na Neno la Siri la Watu Wote

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wafanyakazi, wagonjwa, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Majibu, kwa sababu kazi yake miaka yote ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha la kioo na kuwapa watu majibu ya vipimo vyao. Ulikuwa unampa stakabadhi yako, anaandika namba kwenye kompyuta, printa inakoroma, anatoa karatasi, anaikunja, anaitia kwenye bahasha na kukupitishia chini ya kioo. Hakusema zaidi ya "pole kwa kusubiri" na "daktari atakueleza."

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, na watu walimwambia hivyo. "Wewe unakaa tu, dada." Ni kweli alikuwa anakaa. Lakini aliyekuja dirishani alianza kwa kumsoma yeye usoni kabla hajaisoma karatasi, akitafuta kwenye macho yake kama ni heri au balaa. Kwa hiyo Mama Majibu alijifunza kuuzuia uso wake usiseme kitu. Akifika nyumbani jioni, mashavu yalikuwa yanamuuma kama mtu aliyeshinda akitafuna.

Na nyumbani hakukuwa na kupumzika. Mama yake mzazi alikuwa amepooza upande mmoja, analala kwenye chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa sebule. Kabla ya kwenda kazini ilibidi amgeuze, amwogeshe, ambadilishie shuka, amlishe kijiko kwa kijiko huku bibi huyo akilalamika kwamba chakula ni cha moto, halafu kwamba kimepoa. Mumewe, fundi bomba, alikuwa mtu mwema, lakini mabomba ya watu hupasuka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ambayo mgonjwa anahitaji mikono ya pili. Watoto walikuwa wameshaondoka na kuanza maisha yao mbali. Jirani alikuwa akija mchana kumwangalia bibi, akiondoka mara tu Mama Majibu alipoingia mlangoni. Hakuna siku aliyovua viatu akabaki navyo mkononi kwa muda akifikiri mambo yake. Alivivua huku anatembea.

Sasa, kuhusu hilo neno la siri.

Mfumo wa kompyuta ulipoletwa maabara, akaunti ya kufungulia majibu alipewa yeye peke yake, maana dirisha lilikuwa lake. Aliyeufunga mfumo alimwambia aweke neno la siri, naye hakufikiri sana. Aliweka jina la mtoto wake wa kwanza, akamalizia na mwaka aliozaliwa. Mambo yakaenda.

Halafu bibi akaanguka bafuni. Mama Majibu alikimbia nyumbani katikati ya kazi, na akiwa ameinama anajaribu kumwinua mama yake sakafuni, simu ikalia. Alikuwa Kidoti, keshia wa maabara, msichana mcheshi aliyeitwa hivyo kwa doa dogo jeusi juu ya mdomo.

"Dada, foleni imefika mlangoni na mashine imejifunga. Watu wanatukana."

"Kidoti, niache. Mama yupo chini."

"Pole jamani. Nitajie tu hiyo paswadi, nikusaidie."

Akaitaja. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kwapa la mama yake. Tangu siku ile hakupigiwa simu tena akiwa nyumbani, na kwake hilo lilikuwa kama mtu kumtua mzigo kichwani. Kidoti akamwambia mpima damu, mpima damu akawaambia wenzake, na haukupita muda mrefu neno la siri likawa la watu wote. Kuna mfanya usafi aliyekuwa akimtania, "Mama Majibu, mwanao hajambo?" huku akicheka na kutazama kibodi. Naye alicheka. Alikuwa amechoka mno kuona ubaya wake.

Siku moja asubuhi mkuu wa maabara akamwita ofisini. Mkuu huyu alikuwa daktari mwanamke, mkimya, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipokuwa na neno zito. Siku hiyo miwani ilikuwa tayari juu ya meza.

"Mama, kaa. Unamkumbuka seremala aliyekuja kupima mwezi uliopita? Yeye na mkewe wamekaa miaka bila mtoto."

Mama Majibu hakumkumbuka. Wengi walikuja kwa sababu hiyo.

"Majibu yake yamefika kwa wakwe zake kabla yeye mwenyewe hajayachukua," daktari akasema. "Walimwita kikao. Wakamwambia mbele ya watu kwamba tatizo ni lake na wanamtaka binti yao. Yeye alikuwa hajui lolote. Jana alikuja hapa, akakaa kwenye hicho kiti ulichokalia, akalia."

Mama Majibu akasogea ukingoni mwa kiti.

"Mfumo unaandika nani kafungua nini na siku gani," daktari akaendelea. "Majibu ya seremala yalifunguliwa Jumamosi, kwa akaunti yako."

"Jumamosi siji kazini, daktari."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza. Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Angeweza kutaja mmoja. Alijua nani alikuwa zamu Jumamosi ile, na daktari naye angejua akitazama ratiba. Lakini ukweli ulikuwa mpana zaidi.

"Wote," akasema. "Labda na mlinzi."

Daktari akashika tama. "Kwa nini, mama? Wewe ni mtu wa miaka mingi hapa."

Alijaribu kutafuta sababu yenye heshima, akaikosa. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Kila wakinipigia simu nilikuwa na mama mikononi. Nikaona bora niwape wajihudumie."

"Una ndugu?"

"Nina kaka."

"Anajua hali ya mama?"

"Anajua mama anaumwa. Hali yangu mimi haijui. Sijamwambia."

Daktari hakumfokea, na pengine angemfokea ingekuwa nafuu. Alimpa onyo la maandishi, akamwambia akaunti imefungwa, na kwamba leo hiihii atakaa na fundi wa mitambo atengeneze neno jipya ambalo hatalijua mtu mwingine, hata yeye daktari mwenyewe. "Na kila mfanyakazi atapata akaunti yake, ya kazi yake tu. Hilo ni kosa letu, tulipaswa kulifanya zamani."

Fundi wa mitambo walimwita Waya. Alikuwa baba wa makamo mwenye kipara, asiye na haraka. Alivuta kiti akakaa pembeni yake, akaanza kumwelekeza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Neno moja halitoshi, mama. Hata ukilitia namba mwishoni na alama za mshangao. Wezi wana mashine zinazojaribu maneno mfululizo bila kuchoka, na majina ya watoto ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Tunataka maneno kadhaa, marefu kidogo, yaliyopangwa pamoja. Lakini yawe maneno yasiyojuana."

"Yasiyojuana vipi?"

"Jaribu, utaona. Sema yoyote. Haya ni ya mazoezi tu, hatutayatumia."

Akafikiri. "Shuka. Beseni. Dawa. Mto."

Waya akacheka taratibu. "Hayo yanajuana sana. Hayo yanaishi nyumba moja."

Akajaribu tena. "Spana. Bomba. Ndoo."

"Huyo ni shemeji, sivyo? Anayekufahamu atafika hapo."

Akajaribu tena na tena. Kila alichokitoa kilitoka chumba cha mbele, au jikoni, au dirishani pake. Alifunga macho atafute kitu cha mbali, mlima, mnyama, chochote, akaona tu ile kamba ya kuanikia shuka. Hapo ndipo alipojua amechoka kiasi gani. Haikuwa miguu wala mgongo. Kichwani mwake hamkuwa na kitu chochote kilichotoka nje ya kazi yake na nyumba yake. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiganja akisingizia kiyoyozi.

Waya alijifanya hajaona. Aliinuka, akaenda kwenye rafu ya daktari, akarudi na kamusi nene iliyong'oka jalada.

"Hapa hakuna kufikiri. Funga macho, fungua popote, weka kidole. Kidole kikiangukia neno, ni hilohilo. Usichague, maana ukianza kuchagua tu unarudi nyumbani kwako. Ukipata ya kutosha, yapange kama yalivyokuja. Mimi naangalia ukutani."

Na kweli akageuka, akabaki anatazama kalenda.

Maneno aliyoyapata siwezi kuyasema, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu. Alilosema ni kwamba kulikuwa na mnyama ndani yake, na kwamba maneno mengine yalimfanya mnyama huyo aonekane anafanya kitu ambacho mnyama mwenye akili zake hafanyi. Alipoyasoma kwa pamoja alikohoa kicheko, cha kwanza kwa siku nyingi.

"Umecheka," Waya akasema bado anatazama ukuta. "Vizuri. Picha ya kuchekesha haisahauliki haraka. Sasa sikiliza. Hayo usiyatumie kwingine kokote. Si kwenye simu, si benki. Ukitumia ufunguo mmoja milango yote, ukiibiwa mmoja umeibiwa nyumba nzima. Kwa hizo akaunti nyingine nitakuwekea kwenye simu yako programu inayotunza maneno ya siri. Ni kama kasha. Linakutungia maneno magumu na kukukumbukia, wewe unabaki na la kufungulia kasha tu. Na hili la kazini, siku za mwanzo ukitaka kuliandika, liandike uliweke nyumbani, mbali na hapa, sehemu unayotunzia vitu vya maana. Vidole vikilizoea, karatasi unaichoma."

"Siandiki," akasema. Kwa onyo lile alikuwa amejiapia.

"Shauri yako, mama. Kuandika na kuficha vizuri si kosa. Kosa ni kumwambia mtu."

Keshoye, Kidoti alikuja dirishani na kikombe cha chai, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Dada, wamebadilisha kila kitu. Akaunti yangu bado haijawa tayari. Nitajie ya kwako nimtolee yule mzee karatasi yake, anasubiri."

"Siwezi, mdogo wangu. Mlete kwangu nimtolee mimi."

"Mimi ndiyo siwezi kuambiwa? Mimi?"

"Hakuna anayeambiwa."

Kidoti akatazama kikombe alichomletea, kama anayefikiria kukirudisha. "Haya. Umekuwa mkubwa," akasema, akaenda zake. Kuanzia hapo kila mmoja akanywa chai yake kivyake. Mpima damu naye alinuna. Foleni ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu sasa kila kitu kilipita mikononi mwake, naye aliandika fungu lile refu la maneno kwa kidole kimoja, akikosea, akifuta, akianza upya, huku watu wakigonga kioo kwa stakabadhi zao. Alijikaza. Usiku alikuwa akiyapitia maneno kimoyomoyo huku anamgeuza mama yake, na mara moja yakamtoka mdomoni.

"Unasema nini wewe?" bibi akauliza.

"Nasali, mama."

"Sala gani hiyo ina wanyama?"

Baadaye bibi akapata homa. Jumamosi na Jumapili zote Mama Majibu hakulala, anamkanda kwa maji, anambembeleza ameze vidonge. Jumatatu akafika dirishani pake, akawasha mashine, na maneno hayakuwepo. Mnyama alimwona vizuri kabisa. Kilichokuwa mbele yake na nyuma yake kilikuwa kimefutika. Akajaribu hivi, mashine ikakataa. Akajaribu vile, ikakataa. Halafu ikamwandikia kwa maandishi mekundu kwamba akaunti imefungwa.

Alisimama, akawaambia watu wa foleni "samahani kidogo," akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, pale wanapoweka maboksi matupu ya dawa. Akalia. Alilia kwa sauti ndogo na kwa muda mrefu. Halafu akatoa simu akampigia kaka yake.

"Kaka, mimi nimeshindwa."

"Mama amekufa?" kaka akashtuka.

"Mama mzima. Ni mimi. Maji yamenifika shingoni, kaka. Nimesahau hata maneno yangu mwenyewe."

Kaka yake alikuwa mtu wa maneno mengi, mchuuzi wa vipuri vya baiskeli, lakini siku hiyo maneno yalikuwa machache. "Mbona hukuniambia? Kila nikipiga unasema mambo safi."

"Nilifikiri utaona mwenyewe."

"Nitaonaje kwenye simu, dada?"

"Basi njoo uone," akasema, na kaka akaahidi kuja akishapanga mambo yake.

Waya alimfungulia akaunti bila lawama. Hakumrudishia maneno ya zamani, kwa sababu hakuyajua. Ilibidi akae tena na kamusi atengeneze mengine, na Waya akatazama tena kalenda. Safari hii aliyaandika kwenye kikaratasi, akakiweka nyumbani ndani ya sanduku la chuma lenye hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Haukupita muda akakichoma kwenye jiko. Vidole vilikuwa vimeshashika njia.

Ilikuwa siku hizohizo seremala aliporudi. Mama Majibu hakumtambua mpaka aliposoma jina kwenye stakabadhi. Mtu mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amerudia kipimo na alitaka majibu yake.

"Wewe ndiye Mama Majibu," seremala akasema.

"Ndiye, kaka."

"Niliambiwa akaunti iliyofungua majibu yangu ni yako."

Nyuma yake foleni ilikuwa imetulia. Pembeni, kwenye dirisha la malipo, Kidoti alikuwa anahesabu chenji, akaacha.

Uso ambao Mama Majibu aliuzoeza miaka yote ukamshinda. "Ni yangu," akasema. "Sikufungua mimi, kaka, wala sikusoma. Lakini neno la kufungulia niliwapa watu, kwa uvivu wa kuchoka. Kwa hiyo yaliyokukuta yamepitia kwangu. Nisamehe."

Seremala hakusema amesamehe. Alisugua nyusi, vumbi likadondoka. "Mke wangu yuko kwao," akasema. "Anataka kurudi. Baba yake ndiye hataki. Kila nikipita pale mtaani kwao naona watu wananipima kwa macho." Kisha akauliza, "Sasa hivi nani anaweza kuyafungua?"

"Mimi na daktari. Na kila mmoja kwa neno lake. Mtu akigusa, jina lake linaandikwa."

"Basi fungua."

Akaanza kuandika maneno yake. Seremala alipoona vidole vinaanza, akageuza uso akatazama barabarani, akabaki hivyo mpaka printa ilipokoroma. Mama Majibu akakunja karatasi bila kuitazama, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, jambo ambalo hawakuwa na kawaida ya kulifanya. Seremala akaipokea, akaitia mfuko wa ndani, akaondoka bila kuaga. Hakurudi tena pale. Walisikia amehamishia vipimo vyake kwingine, na hakuna aliyemlaumu.

Jioni ile, wakati wa kufunga, Kidoti akaja dirishani mikono mitupu.

"Dada. Ni mimi."

"Nilijua."

"Shangazi yangu anakaa karibu na wakwe wa seremala. Aliniuliza tu, mara moja, nikamwangalizia Jumamosi nikiwa zamu. Sikufikiri atasema." Akaanza kulia. "Mbona hukunitaja?"

Mama Majibu alikuwa anafunga mkoba. Alitaka kwenda nyumbani. Hakuwa na nguvu za hasira, na kwa kweli hakuwa na nguvu za huruma pia. "Kwa sababu daktari aliniuliza nani anajua, na wote mlikuwa mnajua. La kwangu nilishasema. Lako nenda ukaseme wewe."

Kidoti akaenda. Alisimamishwa kazi kwa muda, na aliporudi akapangiwa stoo, kuhesabu chupa na sindano, mahali pasipo na majina ya wagonjwa. Walikuwa wakisalimiana asubuhi. Chai ya pamoja haikurudi.

Kaka naye alitimiza. Alikuja Ijumaa jioni na mkoba wake, akasema kuanzia sasa mwisho wa juma ni wake, akatandika godoro chini karibu na kitanda cha mama. Bibi akamlalamikia kwamba anakoroma. Akamjibu kwamba amerithi kwake. Walibishana vizuri kabisa.

Jumamosi ya kwanza fundi bomba aliamka, akamkuta mkewe bado amelala na jua limeshaingia dirishani. Akamgusa paji la uso kama ana homa. Hakuwa na homa. Akatoka kwa ncha za vidole, akamnong'oneza shemeji yake apunguze redio, akaenda kuchemsha maji ya kumwogeshea bibi.